Ngao ya Mkamwana

Desemba 2

Msimu mpya wa Falme za Theluji umefunguliwa leo saa kumi alasiri, na nimekaa mbele ya kompyuta saa nzima nikishindwa kuamua nizaliwe nani.

Mchezo wenyewe ndivyo ulivyo. Kila majira ya baridi wachezaji wote mtandaoni tunafutwa, tunaanza mikono mitupu, na ikifika Nooruz, sikukuu yetu ya mwaka mpya, tarehe ishirini na moja Machi, mlango unafungwa. Kundi la watu wanne litakalomuua Zimwi Mweupe kabla ya siku hiyo huchongewa majina kwenye jiwe la lango la mji, na jiwe hilo halifutwi kamwe. Ermek, mume wangu, analitamani jiwe lile tangu yuko shule. Sasa yuko ugenini Tyumen anachomelea mabomba, harudi mpaka machipuko, na tumeoana Mei tu. Wenzetu hupigiana simu wakaulizana umekula nini. Sisi tutawinda mazimwi kwa saa mbili kila siku kabla hajaingia zamu.

Yeye ni mpiga mishale. Inamfaa, maana hata ugomvi wa ndoa anaufanyia Tyumen. Mimi nataka kupigana uso kwa uso, na wa aina hiyo wako watatu: Mpiga Nyundo, Mbeba Ngao na Mcheza Mapanga. Mbeba Ngao ana mwili kama tangi la maji na anaua polepole, kazi yake kupigwa tu. Mcheza Mapanga ana mapanga mawili na anaruka kama kiroboto. Nimechagua mapanga. Alama zangu zote nimezimimina kwenye wepesi, na uhai nimeuachia kidogo tu, wa kutembelea mjini.

Baba mkwe alikuwa kwenye kochi lake akitazama. Tangu Oktoba, mshipa ulipompasukia kichwani, hasemi sana. Mguu umerudi, ulimi umerudi, lakini mkono wa kulia anauweka mfukoni kama kitu alichokiazima kwa mtu. Daktari alisema vidole vifanyishwe kazi kila siku, kwa sababu visiporudi kabla ya machipuko havitarudi tena. Akampa mpira mwekundu wa kubinya. Paka anaucheza vizuri sana.

Desemba 4

Nyuzi ishirini na tatu chini ya sifuri. Ng'ombe amekataa kutoka zizini. Nimefika ngazi ya tisa.

Desemba 9

Nimegonga mwimo wa mlango tena kwa kisogo. Mkamwana wa nyumba hii hamgeuzii baba mkwe mgongo, kwa hiyo natoka sebuleni kinyumenyume na sinia la vikombe mkononi, na mwimo uko palepale kila siku unaningoja. Mama mkwe ameuzungushia kitambaa cha sufu. "Si kwa ajili yako," akasema, "kwa ajili ya mwimo."

Jina la Baba pia silitamki, wala hapa daftarini silitaji, ingawa hakuna atakayenisikia. Na nikiwa na la kumwambia, nampitishia Mama. Hakuna aliyenilazimisha. Bibi yangu alinilea hivyo, na kila nikijaribu kusema naye moja kwa moja, sauti inaniishia kooni.

Desemba 11

Ajabu ya leo! Kundi letu tulikuwa watatu: mimi, Ermek, na Sabyr, anayefanya kazi naye, ambaye ni mchawi wa moto na hafungi mdomo. Tulikuwa tunalalamika kwamba hatuna mganga. Mara nikasikia kochi linalia nyuma ya bega langu.

"Huyo mganga kazi yake nini?" Baba akauliza.

Nikamgeukia Mama aliyekuwa akimenya viazi. "Mama, mwambie Baba kwamba mganga anakaa nyuma anawatibu wanaopigana."

"Anakaa nyuma anatibu," Mama akasema.

"Nimesikia, mimi si kiziwi." Akafikiri. "Miaka thelathini na nne nimetibu kondoo wa bonde hili lote. Nitashindwa na watu wanne wa kwenye kioo?"

Tukamwashia kompyuta ya zamani ya Ermek. Jina la mchezoni alijichagulia mwenyewe: Daktari wa Ng'ombe. Sabyr alicheka hadi akakohoa. Lakini mimi nilikuwa natazama kitu kingine. Kipanya cha kompyuta ile kimetengenezwa kwa mkono wa kulia tu, na Baba, baada ya kukigeuzageuza kwa mkono wa kushoto na kutukana kidogo, aliutoa ule mwingine mfukoni akauweka juu yake.

Desemba 12

"Huyu mtu wako ana kilo ngapi?" Baba aliuliza leo.

"Mama, mwambie Baba mchezo hausemi kilo."

"Hausemi kilo," akasema Mama.

"Sasa dawa nitampimiaje?"

Desemba 20

Umeme umekatika mchana kutwa. Tumeoka mikate.

Desemba 27

Tumekufa mara tano kwa majambazi wa daraja, na sababu ni viazi.

Mambo huenda hivi. Mimi naruka na mapanga yangu, nachomwa, damu inashuka. Namwambia Mama, "Tafadhali mwambie Baba naomba dawa." Mama anamaliza kiazi alichoshika. "Anaomba dawa," anasema. Baba anatafuta kitufe. Kidole chake kinaondoka Tyumen kwa miguu. Dawa inapofika inanikuta maiti.

Mara ya sita Mama akapiga kisu mezani. "Mimi nina kazi hapa! Mwambie mwenyewe, hang'ati!"

Na palepale jambazi akanirukia. Nikafungua mdomo, na kilichotoka hakikuwa na "Baba" wala "tafadhali" wala adabu yoyote.

"DAWA!"

Hata Sabyr alinyamaza kwenye hedifoni zangu. Nilitamani zulia linimeze. Kisha kwenye kioo mwili wangu ukawaka kijani, damu ikapanda, na Baba akasema bila kuniangalia, "Hivyo ndivyo mtu anavyoita daktari. Wenye kondoo walikuwa wananiita hivyohivyo."

Daraja tumevuka.

Januari 6

Nimeanza kupima. Kutoka ninapoita hadi dawa inapofika ni sekunde sita. Mcheza Mapanga mwenye uhai wangu anaishi sekunde nne. Hesabu hii haihitaji kwenda chuo.

Ermek anasema nitafute mganga mwingine, mitandaoni wako wengi, wana vidole vya umeme. Nikamwambia, "Na baba yako?" Akasema Baba anaweza kutazama. Nikamwambia kutazama alikwisha kutazama tangu Oktoba.

Januari 7

Mhunzi wa milimani humvunja mtu na kumsuka upya, mara moja tu kwa msimu. Nimekwenda. Nimeyaacha mapanga yangu mazuri kwenye meza yake na moyo umeniuma kweli, nilishayapamba kwa vishada vyekundu. Nimekuwa Mbeba Ngao.

Wepesi wote nimeutoa. Ermek alitaka niweke nusu kwenye nguvu, ndivyo wanavyofanya mabingwa, amenitumia na michoro. Nimekataa. Nimeweka zote kwenye uhai, na zilizobaki kwenye ngao. Siwezi kumuua hata kuku, lakini anipigaye inabidi anipige sekunde kumi kabla sijaanguka. Nimesukwa kwa kipimo cha kidole cha mzee mmoja, hakuna bingwa mwenye mchoro wa hivyo.

Sabyr ananiita "shemeji tangi".

Januari 15

Nyuzi thelathini na moja. Chai inapoa kabla hujaikoroga. Nimepigwa na dubu wawili kwa pamoja na sikufa. Baba alitumia sekunde saba, akatokwa na jasho. Baada ya hapo akashika kijiko kwa mkono wa kulia, akala vijiko vitatu vya supu. Mama akajifanya anatazama dirishani.

Januari 24

Vijiko tisa.

Januari 30

Tumefika ngome ya Zimwi Mweupe. Kabla ya kumfikia kuna ukumbi wa majitu ya barafu, na kwa kila tulichojenga nilidhani tutapita kama kisu kwenye siagi. Tumekufa mara tatu. Sielewi. Ngao yangu inazuia pigo la tembo, lakini leo napasuka kama yai.

Februari 5

Tumekufa mara nne. Nimemwuliza Ermek kama mchezo una kasoro. Anasema kasoro gani, makundi mengine yanapita.

Februari 9

Siku mbaya.

Tulikufa mara ya sita, na Sabyr, ambaye hana ubaya ila ulimi wake unatangulia kichwa, akasema, "Jamani, dawa inachelewa." Alisahau kwamba Baba naye amevaa hedifoni.

Baba akazivua. Akaziweka mezani taratibu, zikiwa zimenyooka, kama anavyoweka miwani. "Mkono huu unawaua watoto," akasema. Akaurudisha mfukoni na kwenda kulala, na jua lilikuwa bado juu.

Ermek alimkaripia Sabyr, Sabyr akaniomba radhi, mimi nikawaombea wote radhi kwa mlango uliofungwa.

Februari 10

Mkono mfukoni.

Februari 11

Mkono mfukoni. Supu ameila kwa kushoto.

Februari 13

Mkono mfukoni. Paka ameurudia mpira wake. Ukungu umeshuka hadi kwenye uzio, hatuoni nyumba ya jirani.

Februari 16

Nimemsikia Mama jikoni akilia. Hakuwa akikata vitunguu. Machipuko yako wiki tano mbele.

Februari 17

Ermek amenitumia picha ya video ya pambano la mwisho, aliyoirekodi kwake, ili nione kwamba lawama si ya mtu mmoja. Nimeitazama mara mbili nisione kitu. Mama akaja kukaa karibu na jiko la makaa, anasokota uzi, akatupa jicho kwenye kioo.

"Yule mwenye ngao ni wewe?"

"Ndiyo, Mama."

"Na yule mzee mwenye fimbo ni mzee wetu?"

"Ndiyo."

"Sasa mbona unamtazama mzee, na jitu liko nyuma yako?"

Nikarudisha nyuma. Nikatazama tena. Uso ukaniwaka moto.

Ngao inazuia mbele tu. Hilo hata mtoto wa ngazi ya kwanza analijua. Jitu linakuja, mimi nasimama mbele ya Baba, vizuri kabisa. Kisha, kila baada ya sekunde chache, bila sababu, yule mtu wangu anageuka kumwelekea Daktari wa Ng'ombe, ngao na kila kitu, na kuliachia jitu mgongo mtupu. Naligeukia, nageuka tena. Mara kumi na moja kwa dakika moja, nimehesabu. Pale nyumbani simpi Baba mgongo, na vidole vyangu havikujua kwamba kule ni kwingine. Vina adabu kuliko mimi mwenyewe.

Dubu walikuja wakitokea pande mbili, ndiyo maana sikugundua. Majitu yanakuja kwa mstari mmoja.

Mama alicheka. Alianza kidogo, akaacha uzi, akajishika mbavu, akafuta macho kwa ncha ya kilemba. "Utamfia mzee wa watu kwa adabu!" Nami nikacheka naye, kisha nikaacha kucheka. Maana siku nane nzima Baba amelala akiamini ni mkono wake.

"Nenda kamwambie," Mama akasema.

"Mama, tafadhali wewe..."

"Hapana. Hili halina viazi."

Februari 18

Asubuhi nilipeleka chai. Nilipiga magoti, nikammiminia nusu kikombe, ndiyo heshima kwetu, nikabaki palepale. Baba akanitazama, kwa sababu kawaida naondoka.

"Baba," nikasema. Sauti ilitoka kama ya panya, nikaanza upya. "Baba. Si mkono wako. Ni mgongo wangu."

Nikamweleza yote. Ngao, mbele, nyuma, mara kumi na moja. Nilieleza nikiangalia zulia, na nilijua maua yote ya zulia lile nilipofika mwisho. Nikasema, "Dawa yako haikuchelewa. Nimejisuka kuingoja, na ningeweza kuingoja. Niliyeharibu ni mimi, na nimekuacha siku tisa ukijilaumu. Naomba unisamehe. Tena naomba ruhusa yako. Naomba ruhusa ya kukupa mgongo."

Baba aliweka kikombe zuliani.

"Umewahi kuona mbwa wa kondoo," Baba akasema, "anawatazama kondoo huku mbwa mwitu anakuja?"

"Hapana, Baba."

"Anasimama vipi?"

"Anawapa kondoo mgongo."

"Kondoo wanaudhika?"

"Hapana, Baba."

Akanywa chai. "Sijakuita mbwa."

"Najua, Baba."

"Na mimi si kondoo."

"Najua, Baba."

Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, nikaogopa ni mshipa tena, kumbe anacheka. Alicheka kwa upande wote wa uso, hata ule uliolegea. "Mara kumi na moja!" akasema. "Bibi yako alikulea, huyo bibi alikulea kweli!" Akautoa mkono mfukoni kujifuta machozi, akauona uko hewani, na hakuurudisha.

Februari 19

Tumepita ukumbi wa majitu kwa jaribio la pili. Kwa lile la kwanza niligeuka. Mazoea.

Machi 3

Barafu inadondoka kwenye vigae mchana, inaganda tena jioni. Mama amefunga uzi mwekundu kwenye kiti changu, ncha anaishika mwenyewe. Nikianza kupinda shingo kumtafuta Baba, ananivuta. Sabyr anasema kundi letu ni la watu watano.

Machi 11

Zimwi Mweupe ametuua mara nne. Safari hii kwa haki.

Machi 15

Baba amefunga vifungo vya koti lake mwenyewe. Vinne. Cha tano alikiacha, akasema koti lina haki ya kupumua. Muda wa dawa sasa ni sekunde nne. Ningeweza kurudi kwenye mapanga kama mhunzi angeniruhusu. Nisingerudi.

Machi 19

Zimwi alikuwa amebakiza uhai kiasi cha kijiko, na umeme ukakatika wilaya nzima. Baba alisema maneno ambayo sitayaandika. Yalihusu nguzo za umeme na mama zao.

Machi 20

Kesho mlango unafungwa. Saa kumi kamili tuliingia.

Zimwi Mweupe ni mrefu kuliko kioo, unaona magoti tu. Nikasimama kati ya magoti yale na watu wangu. Ermek alianza mishale, Sabyr moto, na mimi nikaanza kupigwa. Kupigwa na zimwi lile ni kazi kama kupakua makaa, unahesabu na kuendelea. Dakika ya kwanza. Ya tatu. Ya sita.

Dakika ya nane Zimwi akapiga kelele ile ya mwisho, ambayo inazima vioo vyote. Hapo huoni mwenzako, huoni uhai wako, unaona weupe tupu kwa sekunde kumi, na anayegeuka amekwisha. Kila kitu mwilini mwangu kilitaka kugeuka nione kama Baba yupo. Uzi wa kiti haukuvutwa. Mama alikuwa ameshika mashavu.

"Baba!" nikaita.

"Nipo," akasema. "Tazama mbele."

Nilitazama mbele, kwenye weupe. Nilisikia kitufe chake kikilia mara moja, polepole. Tena. Tena. Ni mkono wa kulia, nilijua kwa mlio. Weupe ulipoondoka nilikuwa nimebaki na uhai wa kufunika ukucha, nikiwaka kijani, na Zimwi Mweupe alikuwa amelala kifudifudi na mshale wa Ermek kisogoni.

Sabyr alilia. Ni kweli, atakataa, lakini alilia. Ermek akauliza, "Baba, umetumia mkono gani?" Baba akasema, "Wa daktari."

Tumekwenda langoni kuona jiwe. Majina manne. La tatu ni langu, Begaiym, na chini yake, kwa herufi zilezile kubwa, Daktari wa Ng'ombe. Mama akauliza kwa nini la kwake halipo. Kweli ni dhuluma.

Machi 21

Nooruz. Matope hadi kifundo cha mguu na jua la kutosha kuanika magodoro. Tumekaanga maandazi ya kujaza beseni, uji wa ngano umeiva, Ermek amepiga simu kusema amekata tiketi ya tarehe tano Aprili.

Baada ya kula Baba alitoa dua ya meza. Baridi nzima ameitoa kwa kiganja cha kushoto peke yake, na sote tumekuwa tukitazama chini asione tunaona. Leo aliinua viganja viwili. Mkono wa kulia ulitetemeka, vidole viwili vya mwisho bado vimejikunja, lakini ulikuwa wazi, unaangalia juu. Akaombea mifugo, akaombea walio mbali, kisha akasema, "Na huyu mtoto aliyekuja kwetu Mei, apate nguvu za kusimama mbele yetu." Tukapitisha mikono usoni. Mama alichelewa kuishusha ya kwake.

Nikakusanya vikombe kwenye sinia, nikainuka, nikaanza kurudi nyuma kuelekea mlangoni, hatua moja, ya pili, nikikadiria mwimo uko wapi.

"Begaiym," Baba akasema.

Nikasimama.

"Geuka, mwanangu. Nipo."

Niligeuka. Nilivuka mlango nikitazama mbele, sinia mkononi, macho yamejaa maji, na sikugonga kitu.